Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Meya anayeitazama ikulu

Mheshimiwa Meya,

Tetesi kwamba unaitaka ikulu zimetufikia, na hatuna ugomvi nazo. Njia hiyo ipo na wengine wameipita: Jacques Chirac, rais wa Ufaransa, alitokea umeya wa Paris, Lee Myung-bak wa Korea Kusini umeya wa Seoul, Joko Widodo wa Indonesia umeya wa Solo. Tunakuandikia sisi tunaoshinda na vitabu vya hesabu vya jiji kwa sababu wapambe wako wanahesabu mikutano ya hadhara, ilhali safari yako itaamuliwa na soko unalotaka kulihamisha, orodha ya mishahara na madai ya wakandarasi.

Tuanze na soko, maana hapo ndipo mameya wengi huvunjikia. Widodo aliingia ofisini Solo, Indonesia, mwaka 2005 na kukuta eneo la Banjarsari limejaa wachuuzi 989. Hakutanguliza mgambo. Aliwaalika kula kwenye makazi rasmi ya meya. Wakala, wakarudi makwao bila kusikia neno la kuhama. Akawaalika tena, na tena. Alipokuja kuwaambia wahame, ilikuwa ni mara ya 54 kukaa nao mezani. Hofu yao kubwa ilikuwa kupoteza wateja, kwa hiyo jiji likawapa vibanda bure, likaelekeza usafiri wa umma kwenye soko jipya na kulitangaza. Siku ya kuhama, mwaka 2006, walisindikizwa kwa gwaride kama watu wa harusi. Mwaka 2010 akarudishwa madarakani kwa zaidi ya asilimia 90 ya kura. 2012 akawa gavana wa Jakarta, na 2014 rais.

Watu hukumbuka chakula tu. Sisi tunakuomba utazame mpangilio wa hatua. Waandikishe wachuuzi wote kwa siku moja, kila mmoja apigwe picha akiwa mbele ya meza yake, kisha daftari lifungwe jioni hiyohiyo. Likibaki wazi wiki mbili, litaota majina ya shemeji na wapwa wa madiwani. Vibanda vigawiwe kwa kura ya wazi, mbele ya wachuuzi wenyewe. Maji, vyoo na gari la taka vitangulie. Mabasi yaanze kupita siku soko linapofunguliwa, si mwezi unaofuata. Ushuru uusamehe miezi ya mwanzo. Mchuuzi akikaa wiki tatu bila mteja atarudi barabarani, na ukimfukuza hapo, picha za mgambo akibeba kapu la nyanya ndizo zitakazokufuata nchi nzima.

La pili ni kalenda. Lee alianza kazi Seoul Julai 2002. Kubomoa barabara ya juu iliyofunika mto Cheonggyecheon kulianza Julai 2003, mto ukafunguliwa Oktoba 2005, naye akamaliza muhula 2006. Mwaka mzima ulipita kabla nyundo ya kwanza haijagonga zege, na ulitumika kwa michoro na kuzungumza na wafanyabiashara wa pembeni. Kwa hiyo hesabu kuanzia mwisho kurudi nyuma. Mradi usioweza kukamilika miezi sita kabla ya muhula kwisha usiuwekee jiwe la msingi. Barabara hukwama kwa mambo mawili ya kawaida kabisa: fidia ambayo haijalipwa, na mabomba au nyaya zilizo chini ya ardhi lakini hazipo kwenye ramani. Vyote viwili vimalizwe kabla mkandarasi hajaleta mitambo; vinginevyo atakudai hata kwa siku ambazo tingatinga limelala. Hati yake ya malipo nayo ikichelewa, riba inaanza kupanda na mitambo inahamia kwingine. Kumbuka pia matunzo: maji ya Cheonggyecheon husukumwa kwa pampu, na bili ya pampu haikomi meya anapoondoka.

Mishahara ndiyo inayotutia hofu zaidi. Chirac alikuwa meya wa Paris kuanzia 1977 hadi 1995, kisha rais hadi 2007. Desemba 2011 mahakama ilimtia hatiani kwa ajira zilizolipwa na jiji huku walioajiriwa wakikitumikia chama chake. Alihukumiwa kifungo cha miaka miwili kilichoahirishwa. Fanya uhakiki sasa, kabla timu ya kampeni haijaundwa. Siku ya mshahara kila mtumishi afike mwenyewe na kitambulisho, na mkuu wa idara yake aeleze kwa maandishi kazi anayoifanya. Asiye na wa kumweleza, mshahara wake usimame hadi apatikane. Anayehamia kwenye kampeni yako aandike barua ya kuacha kazi, arudishe gari, kadi ya mafuta na simu siku hiyohiyo. Likizo ya mdomo haitoshi.

Na usidhani jiji likikupenda nchi nayo itakupenda. New York haijatoa meya aliyechaguliwa gavana, seneta au rais tangu John Hoffman alipochaguliwa gavana mwaka 1868, ingawa mameya wake Giuliani, Bloomberg na de Blasio wote waliutafuta urais. Anne Hidalgo, akiwa meya wa Paris, aliambulia asilimia 1.75 ya kura za urais mwaka 2022. Mpiga kura wa mkoani mara nyingi huliona jiji kama mdomo unaokula ruzuku yake.

Ombi letu ni nyaraka tatu: orodha ya hati za wakandarasi ambazo hazijalipwa na tarehe zake, matokeo ya uhakiki wa watumishi idara kwa idara, na kalenda ya kuhamisha soko. Zibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa baraza siku saba kabla ya kikao cha bajeti. Tutakuja kuzisoma mstari kwa mstari, na tutakachokiona tutakuandikia kabla madiwani hawajaketi.

Wako katika kazi ya jiji,
Sisi wa hesabu na mipango