Risala ya Klabu ya Sarafu za Kale kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonyesho ya Sarafu za Kirumi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwalimu Mkuu na walimu wote,
Wazazi, walezi na wanafunzi wenzetu,

Assalam aleikum, Bwana asifiwe, na shikamooni nyote mliotuzidi umri.

Tunakushukuru kwa kukubali kutufungulia maonyesho haya licha ya majukumu mengi uliyonayo. Historia ya klabu hatutaisimulia. Tungependa uzijue sarafu zenyewe kabla hujafika mezani, kwa kuwa asiyejua cha kutazama ataona vipande vidogo vilivyochakaa na kuuliza kwa nini hatukuving'arisha.

Meza ya kwanza ni ya Septimius Severus na familia yake. Severus alitawala Roma kuanzia mwaka 193 hadi 211, na alizaliwa Leptis Magna, katika pwani ya Libya ya leo. Tumemtanguliza kwa makusudi. Ni Kaisari mzaliwa wa Afrika, na dinari zake za fedha ziligongwa kwa wingi mno kulipa majeshi, kiasi kwamba hadi leo ni miongoni mwa fedha za Kirumi zenye bei nafuu. Anayeanza ukusanyaji kwa kumtafuta Julius Caesar, au Brutus, mmoja wa waliomuua, anajitakia hasara, maana huko bei iko juu na waghushi wamejaa. Hali ni hiyo hiyo kwa dinari ya Tiberio, ambayo wauzaji huinadi kuwa ndiyo ile ya kwenye Injili, ya swali la kodi ya Kaisari. Sarafu yenyewe si adimu. Kinachopandisha bei ni hadithi.

Sarafu za masultani wa Kilwa zina jina la mtawala bila sura yake. Warumi waliweka jina na sura pamoja, na sura hizo zilibadilika kadiri mtawala alivyozeeka. Severus utamtambua kwa ndevu zilizogawanyika ncha. Mkewe Julia Domna, mzaliwa wa Emesa nchini Syria, ana nywele nzito zilizokusanywa kisogoni. Mwana wao Caracalla anaanza akiwa mtoto wa mashavu ya mviringo na kuishia mtu mzima aliyekunja uso. Mdogo wake, Geta, aliuawa mwishoni mwa mwaka 211, kisha ikaamriwa sura na jina lake vifutwe kila mahali. Zipo sarafu za shaba za miji ya Asia Ndogo, kama Stratonicea, ambazo ndugu hao wawili walitazamana, na upande wa Geta umekwanguliwa ukabaki mtupu.

Kusoma maandishi si kazi ngumu kama inavyodhaniwa. Kwa kawaida anza chini kushoto, penye namba 7 ya uso wa saa, uende kwa kufuata mzunguko wa mishale. Herufi hazina nafasi kati ya neno na neno, na V husimama badala ya U. AVG ni Augusto, yaani cheo cha mtawala, IMP ni amiri jeshi mshindi, P M ni kuhani mkuu, COS ni konsuli, cheo cha juu serikalini, na P P ni Baba wa Taifa. Kifupisho chenye faida kuliko vyote ni TR P, yaani mamlaka ya mtetezi wa raia, kwa sababu namba yake ilipanda moja kila mwaka. Kwa Severus, chukua 192 ujumlishe na namba iliyoandikwa. TR P XVI ni mwaka 208, alipokwenda Uingereza kwa vita, na huko ndiko alikofia, mjini York, Februari 211. Namba ya COS haikupanda kila mwaka, kwa hiyo peke yake haitoshi kupata tarehe.

Wengi hukwama kwenye jina ANTONINVS. Caracalla hakutumia jina Caracalla kwenye sarafu hata moja, kwani hilo lilikuwa la utani. Yeye huandikwa ANTONINVS PIVS AVG. Antoninus Pius wa miaka ya 138 hadi 161 huandikwa ANTONINVS AVG PIVS, maneno yakiwa yamepishana nafasi. Elagabalus wa 218 hadi 222 hutangulizwa IMP, na mara nyingi upande wa nyuma pana nyota pembeni ya picha. Tazama mpangilio wa maneno kwanza, sura baadaye. Wauzaji wenyewe huwachanganya hawa watatu, na mnunuzi anayelijua hili anaweza kuokoa fedha nyingi.

Baada ya kusoma ni kupima. Mizani iwe ya kusoma hadi gramu 0.01, na kipenyo kipimwe kwa milimita. Dinari ya Severus huwa na gramu 3 na ushei na upana wa milimita 18 hadi 19. Ikisoma gramu 2.3, shuku kwamba ni kiini cha shaba kilichovikwa fedha. Hizo zilighushiwa zamani zile zile, na palipochubuka shaba huchungulia. Sisi tunazithamini, ila zisiuzwe kwa bei ya dinari halisi. Bandia za siku hizi zilizomiminwa kwenye kalibu zina dalili zake: vishimo vidogo vya hewa, mshono ukingoni, na herufi zenye kingo laini kama sabuni iliyotumika. Zilizogongwa kwa mihuri mipya ni ngumu zaidi kuzikamata. Hapo linganisha. Sarafu hizi za Kirumi ziligongwa kwa nyundo, moja moja, kwa mkono. Ukikuta mbili zilizopinda mahali pale pale, zenye mkwaruzo ule ule na ufa ule ule, walau moja ni nakala. Ufundi huu wa kughushi ni mkongwe: Giovanni da Cavino wa Padua aliiga sarafu za Kirumi katika karne ya 16, na kazi zake leo hukusanywa kwa thamani yake yenyewe.

Meza ya pili inaonyesha jinsi fedha ilivyokwisha ndani ya fedha. Dinari ya Augusto, Kaisari wa kwanza, ilikuwa karibu fedha tupu. Kufikia Severus ilikuwa takriban nusu. Mwaka 215 Caracalla akatoa sarafu mpya, antoniniano, ambayo mtawala amevaa taji la miale. Ilihesabiwa kuwa dinari mbili, lakini fedha iliyokuwamo ni ya dinari moja na nusu. Chini ya Claudius wa Pili, 268 hadi 270, fedha ilishuka chini ya asilimia 5, na hizo utaziona ni za kahawia kabisa. Tahadhari moja kwa wenye vifaa vya eksirei vya kupimia madini: kifaa husoma ngozi ya juu tu, ambako mara nyingi fedha ni nyingi kuliko ndani, kwa hiyo jibu huja kubwa kuliko ukweli.

Mheshimiwa, sasa tufike kwenye usafishaji, maana hapa pwani ndipo hasara kubwa hutokea. Ndimu na ukwaju hung'arisha masinia ya shaba, na mtu hudhani vitafaa. Asidi hula utando wa kijani au kahawia uliojengeka kwa karne nyingi, na maelezo ya sura na herufi mara nyingi yamo ndani ya utando huo. Ukiondoka, nazo zimeondoka. Siki ni vivyo hivyo, na brashi ya waya ni mbaya zaidi. Sarafu ya shaba yenye udongo ilowekwe kwenye maji yaliyokenekwa, yale yanayouzwa kwa kuongezea betri za magari (siyo asidi ya betri, someni chupa vizuri), na yabadilishwe kila baada ya siku chache. Maji ya bomba yana klorini, tuyaache. Kazi huchukua wiki, pengine miezi. Udongo uliolainika utolewe kwa kijiti cha meno cha mbao chini ya lenzi, na sarafu ikianza kupoteza herufi, simama.

Adui mkubwa ni ugonjwa wa shaba, unaojitokeza kama unga wa kijani kibichi kilichofifia, unaopukutika ukiguswa. Chumvi za kloridi zilizomo ndani hukutana na unyevu na hewa, hutoa asidi, asidi hula shaba nyingine, na mzunguko unaanza upya. Unyevu wa pwani mara nyingi hupita asilimia 70, ilhali sarafu hizi zinahitaji chini ya 40. Iliyougua itengwe. Ondoa unga, kisha iloweke kwenye mmumunyo wa sodiamu seskikabonati, gramu 50 kwa lita moja ya maji yaliyokenekwa, ukibadilisha kila wiki. Hiyo ni kemikali ile ile iliyomo kwenye magadi ya Ziwa Magadi, lakini msinunue magadi ya sokoni kwa kazi hii. Yana chumvi, na chumvi ndiyo tunayoifukuza. Itakiwe iliyosafishwa ya maabara. Baada ya hapo suuza, kausha kabisa, na uitazame kwa wiki kadhaa kabla ya kuirudisha kwa wenzake. Mifuko laini ya plastiki ya PVC nayo haifai, kwani huacha utelezi wa kijani.

La mwisho ni karatasi. Kila sarafu iwe na kadi yake: uzito, kipenyo, maandishi, aliyeiuza, tarehe na bei. Sarafu ya dhahabu ya Brutus ya mwaka 42 KK, yenye majambia mawili, iliuzwa mnadani London mwaka 2020 kwa zaidi ya pauni milioni 3. Ikabainika hati za asili yake ni za uongo, na mwaka 2023 ikarejeshwa Ugiriki. Kwa upande mwingine, mwaka 2010 huko Frome, Uingereza, aliyegundua chungu cha sarafu aliacha kuchimba akawaita wanaakiolojia. Walizitoa tabaka kwa tabaka, zikafika 52,503, na kwa kuwa kundi la zile za mtawala Carausius, za karibuni zaidi, lilikuwa chini ya za zamani, ikaonekana chungu kilijazwa kwa mkupuo. Angezimwaga mwenyewe kwenye ndoo, hilo lisingejulikana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kabati moja la kioo lenye kufungwa lisipitishe hewa, pamoja na kipimo cha unyevu na vidonge vya silika vya kufyonza unyevu. Tunaomba pia mizani ya pili, kwa kuwa iliyopo inahudumia meza zote, na barua ya kututambulisha kwenye makumbusho ili wataalamu wazikague sarafu tatu za meza ya tatu, ambazo tumeziwekea alama nyekundu kwa sababu uzito wake haulingani na maandishi yake.

Utakapozishika, tafadhali zishike ukingoni. Mafuta ya vidole huharibu uso wa sarafu.

Tunaomba kuwasilisha.