Pua ya mdoezi: barua kwa mwanangu

Ngamiani, Tanga

Mwanangu Zaina,

Salamu sana. Huku wazima, ila shangazi yako bado anatembelea mkongojo. Juzi kwenye simu ulisema majirani wanadai kisu cha upasuaji ndicho kilichosambaza saratani yake, ikatoka titini ikaenda mfupani. Nikanyamaza, si kwa kukubali. Salio lilikuwa linaisha.

Unajua pilau ya maulidi inavyowatoa watu Barabara ya Nane mpaka huku bila kadi wala mwaliko? Seli za kinga nazo husafiri hivyo, zikifuata harufu inakozidi. Harufu yenyewe ni protini ndogo ziitwazo kemokini. Mwili wa mtu una karibu 50. Seli isiyo na pua ya harufu fulani, yaani kipokezi chake, hupita tu.

Moja ni CXCL12. Uboho wa mifupa huitoa kwa wingi, na ndiyo inayozizuia seli mama za damu zisitangetange. Pua yake huitwa CXCR4 (ile ile ambayo mwaka 1996 ilijulikana kuwa baadhi ya virusi vya UKIMWI huitumia kama mlango, tuliokuwa maabara siku zile tuliduwaa).

Sasa, mwaka 2001 watafiti walionyesha kuwa seli za saratani ya titi nazo zina pua hiyo. Na CXCL12 imejaa wapi? Kwenye mapafu, ini, matezi na uboho, kule kule saratani hiyo inakopenda kuhamia. Mdoezi huyo, mwanangu. Tena si wa waja leo waondoka leo. Akifika anatandika mkeka.

Kuna uvimbe unaopika wenyewe. Wa ovari, kwa mfano, hutoa CCL22, harufu inayoita seli T za kutuliza kinga. Kazi yao halali ni kuzuia kinga isiushambulie mwili. Wakifika hapo huwapoza askari, adui akastarehe.

Shangazi aliuliza kama hakuna dawa ya kuziba hiyo pua. Ipo plerixafor, Marekani waliiidhinisha 2008, lakini kazi yake ni kuzitoa seli mama kwenye uboho ili zivunwe kwa upandikizaji. Si dawa yake. Nilimwambia hivyo, akaguna, akaendelea kuchambua mchele.

Kliniki yake Ocean Road ni Jumanne. Mpokee stendi ya Mbezi, usimwache agombanie daladala na mkongojo.

Baba yako