Bata Jike wa Mbao Hatoshwi na Kahawia Moja

Karakana yetu ya Wete huchonga bata wa chambo, yaani bata wa mbao wanaowekwa waelee majini ili bata mwitu wapitao angani wadhani wenzao wameshatua mahali penye amani. Wengi wa wanaoagiza ni wawindaji wa Ulaya na Marekani, na karibu wote huanza kwa kuulizia dume wa maladi, aina ya bata mwitu wa huko kwao, mwenye kichwa cha kijani king'aacho na ukosi mweupe shingoni. Jike humtaja mwishoni, kama nyongeza, ilhali ndiye anayetutoa jasho.

Kwa mbali jike ni kahawia tu. Ukimkaribia utaona kila unyoya una kiini kilichokoza na pindo la rangi ya mchanga, na ni tofauti hiyo ndogo inayomfanya aonekane ana manyoya. Aliyepakwa kahawia moja ya kopo mwili mzima huwa donge la udongo linaloelea.

Kwa hiyo tunachanganya rangi tatu za akriliki, yaani rangi ya maji yenye gundi ya plastiki. Ya kiini huiendea karafuu iliyokaukia jamvini: kahawia iliyokoza, ikatiwa buluu nzito kidogo kidogo mpaka ikaribie weusi. Nyeusi ya kopo hatuitumii, kwa kuwa huua joto la kahawia na ikikauka hufanana na masizi. Ya mwili ni ile ya udongo wa kinongo, ambayo hupatikana kwa kahawia nyekundu na manjano ya udongo. Ya pindo ni manjano hayo hayo na nyeupe, pamoja na tone la kahawia ili isigeuke rangi ya siagi.

Akriliki ikiwa mbichi hudanganya jicho. Gundi yake ni nyeupe kama maziwa, na ikikauka huwa angavu, hivyo rangi huonekana imekoza kuliko ilivyokuwa ilipochanganywa. Tuliwahi kupaka majike sita usiku, chini ya taa, tukaridhika. Asubuhi tukawakuta wameiva mno, pindo halionekani, ikabidi tuwapige msasa na kuanza upya. Tangu siku hiyo hujaribu kwanza kwenye kipande cha mbao ile ile, tukasubiri kikauke. Wakati wa kaskazi, joto linapokausha rangi kabla brashi haijarudi, kitambaa chenye maji hukaa chini ya karatasi ya kuchanganyia.

Mdomo wa jike ni wa chungwa wenye mabaka ya kahawia iliyokoza, si wa manjano kama wa dume. Mstari mweusi hupita kwenye jicho, na ubawani kuna kipande cha buluu kilichozungushiwa michirizi miwili myeupe. Vanishi iwe isiyong'aa, kwa sababu mng'ao wa jua huwatisha bata.

Atakayeagiza atuambie pia mwezi atakaowatumia. Mwishoni mwa kiangazi cha kaskazini mwa dunia dume naye huwa amepoteza manyoya yake ya fahari, akafanana mno na jike, kwa hiyo wanaowinda mapema huhitaji majike wengi zaidi. Tukishajua hilo tutampelekea kibao cha sampuli chenye rangi zote tatu, akitazame nje mchana, kabla hatujagusa bata mwenyewe.