Wahakiki wasiisahau piano

Mhariri,

Mpiga piano wa kimataifa anapoandikwa magazetini, sifa huishia kwenye vidole, kumbukumbu na tuzo. Mpiga fidla hushuka kwenye ndege na fidla yake; mpiga piano hufika mikono mitupu. Piano kubwa ya jukwaani ina urefu wa takribani mita 2.7 na uzito unaokaribia kilo 500. Msanii mwenye matamasha katika miji mitatu kwa wiki moja hukutana na piano tatu ngeni, na kila moja huipata kwa saa chache tu.

Saa hizo huamua mengi. Ukumbi ukiwa na piano mbili au tatu za kuchagua, mpigaji mzoefu huanza kwa sauti ya chini kabisa, noti moja moja, kwa kuwa kishindo huficha kasoro. Hurudia noti moja kwa kasi aone kama nyundo, kile kigongeo cha ndani kinachopiga nyuzi, inawahi kurudi. Hukanyaga pedali ya kushoto, inayosogeza vitufe na nyundo zote upande kidogo: sasa nyundo hugusa nyuzi kwa sehemu isiyochakaa ya felti, ile sufu iliyoshindiliwa inayozifunika, na piano iliyotunzwa vibaya hubadilika sauti ghafla. Kisha mtu mwingine hupiga, yeye akasikilize kutoka viti vya nyuma, maana piano inayonguruma karibu huweza kufifia safu ya 20.

Hapo anaingia fundi, na kutyuni, yaani kulinganisha sauti za nyuzi, ni sehemu tu ya kazi yake. Sauti ikiwa kali mno, huchoma felti ya nyundo kwa sindano ili ilegee. Hatari iko hapo: felti iliyochomwa kupita kiasi hairudii ugumu wake jioni hiyo. Fundi mwenye busara huchoma kidogo, husikiliza, huchoma tena, wala hakubali kugusa nyundo zote 88 alasiri ya onyesho, hata msanii akinuna.

Hewa nayo haina huruma. Unyevu ukipanda, ubao wa sauti, ule ulio chini ya nyuzi unaokuza sauti yake, huvimba na kukaza nyuzi. Ukishuka, nyuzi hulegea. Unyevu wa asilimia 45 hadi 50 usioyumba ndio unaofaa. Taa za jukwaani zikipasha nyuzi joto, chuma hutanuka na sauti hushuka, kwa hiyo anayetyuni taa zikiwa zimezimwa atairudia kazi. Zipo pia okestra zinazotaka noti ya A iwe hezi 442 (mitetemo kwa sekunde) badala ya 440, yaani juu kidogo. Nyuzi za piano ni zaidi ya 200, na mvuto wake kwa jumla ni takribani tani 20. Ukizipandisha zote asubuhi, jioni zitakuwa zimeteleza, kila mmoja kwa kiasi chake. Ombi kama hilo liandikwe kwenye mkataba, lisisubiri mazoezi ya mwisho.

Wapo wapiga piano waliokataa kubahatisha. Vladimir Horowitz alikwenda Moscow mwaka 1986 na piano yake mwenyewe. Krystian Zimerman amewahi kusafiri na vitufe na nyundo zake na kuvipachika kwenye piano ya ukumbi. Nako kumiliki si kinga: mwaka 2020 wahamishaji waliiangusha piano ya aina ya Fazioli ya mpiga piano Angela Hewitt baada ya kurekodi, fremu ya chuma ikavunjika, na piano haikutengenezeka tena.

Hata kwenye mashindano chaguo hili lina uzito. Mwaka 2021, Bruce Liu wa Kanada alishinda Shindano la Chopin huko Warsaw akipiga Fazioli, ilhali washiriki walikuwa na Steinway, Yamaha na Shigeru Kawai pia za kuchagua.

Ombi letu ni dogo. Wahakiki wako wataje piano iliyopigwa na fundi aliyeitayarisha, na wamuulize mpigaji alipata saa ngapi nayo. Kabla ya kuandika kwamba msanii ana mkono mzito, wazungumze na fundi wakati wa mapumziko. Wasimcheleweshe tu, maana dakika hizo ndizo anazotumia kunyoosha noti zilizoyumba.

Mafundi wa piano, wasomaji wako