Mashine ya Kukata Nyasi Haiwaki? Isikilize Kabla Hujaihukumu Mota

Asubuhi moja ya masika, mama mmoja wa Njiro alifika karakana yetu na bajaji, mashine yake ya umeme ya kukata nyasi ikiwa imelazwa kiti cha nyuma. Tulipomwamkia aliitikia haraka, maana hakuwa na muda wa maneno mengi. "Niambieni bei ya kusuka mota tu, wanangu. Nimeshaambiwa imeungua."

Tulichomeka mashine kwenye soketi yetu, tukabonyeza kitufe, tukavuta mkono wa kuwashia. Ikawaka palepale. Mama akaitazama, akatutazama sisi. "Nyumbani haiwaki hata kwa dawa!" Tukamwomba amwagize kijana wake alete ekstensheni wanayotumia. Ilipofika, jibu tulikuwa nalo mkononi: mita 50 za waya mwembamba, ule wa kuvutia taa ya sherehe, wala si wa kuendeshea mota. Mama akaondoka na mashine yake bila kusukwa chochote, akiwa na ushauri wa waya gani anunue.

Tunaandika haya kwa sababu mashine nyingi zinatufikia zikiwa zimeshahukumiwa. "Mota imeungua" ndiyo hukumu ya kwanza, wakati mota kwa kawaida ni ya mwisho kufa. Kati ya soketi ya ukutani na mota kuna plagi, ekstensheni, mkia wa mashine (waya wake wenyewe), swichi, na mara nyingi kapasita (kikopo kinachoisaidia mota kuanza) au kaboni (vipande viwili vinavyosugua na kupeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka). Kila kimoja kinaweza kuinyima mashine umeme, na karibu vyote ni nafuu kuliko kusuka mota, yaani kuzungushia upya koili zake za waya.

Kwa hiyo mteja akipiga simu, swali letu la kwanza ni moja: ukivuta mkono wa kuwashia, mashine iko kimya kabisa, au inaguna bila kuzunguka? Ni magonjwa mawili tofauti.

Ikiwa kimya kabisa

Kimya maana yake umeme haufiki kwenye mota, au unafika na njia ya ndani imekatika. Anza ukutani. Wengi hujaribu soketi kwa chaji ya simu, na simu ikiingiza chaji wanasema umeme upo. Chaji ya simu inahitaji umeme kidogo mno. Itafanya kazi hata kwenye soketi iliyolegea au waya uliobakiwa na nyuzi mbili tatu. Tumia pasi. Pasi ya kawaida inavuta wati 1000 au zaidi, karibu sawa na mashine ndogo ya nyasi. Ichomeke kwenye mwisho wa ekstensheni, palepale unapochomeka mashine. Ikipata moto vizuri na plagi zote zikabaki baridi, huko nyuma kuko salama. Pasi ikisuasua, au plagi ikianza kuchemka, umempata mhalifu bila kufungua skrubu hata moja.

Angalia sana adapta. Mashine nyingi zilizotumika huja kutoka Ulaya zikiwa na plagi ya miguu miwili ya duara, na mtu huchomeka kwenye adapta ya bei ndogo ya dukani. Mashine ya wati 1600 inavuta karibu ampia 7 kwenye umeme wetu wa volti 230. Adapta hizo nyingi hulegea, hutoa cheche ndani, na plastiki huyeyuka taratibu mpaka siku moja kimya. Tunaziondoa na kufunga plagi ya miguu mitatu ya bapa yenye fyuzi yake. Mteja akiona waya wa mashine una nyuzi mbili tu, huuliza kama kuna mtu aliikata ethi, ule waya wa usalama unaokwenda ardhini. Hapana. Mashine za plastiki zenye alama ya mraba ndani ya mraba zimetengenezwa na kinga mbili, na hazihitaji waya wa ethi.

Baada ya hapo ni swichi. Kumbuka kwanza kwamba mashine hizi zina hatua mbili kwa makusudi: bonyeza kitufe cha usalama, kishikilie, ndipo uvute mkono. Ukivuta mkono kwanza haitawaka, nayo si mbovu. Kuna watunza bustani wanaofunga mkono huo kwa kamba ya mpira ili wasichoke. Tunawaomba, tena kwa moyo wote, waache. Kisu kinazunguka karibu mara 3000 kwa dakika. Mkono ule ndio unaokisimamisha mtu akiteleza kwenye nyasi mbichi.

Ndani ya kiboksi cha swichi mara nyingi tunakuta wageni wasioalikwa, sisimizi. Wanapenda kujificha humo, wanabanwa kati ya vyuma vya swichi, na miili yao inazuia vyuma visigusane. Tunasafisha kwa dawa ya kupulizia ya kusafishia swichi, nayo inarudi kazini. Vyuma vikiwa vimeungua na kuchimbika, tunabadilisha swichi nzima.

Karibu na swichi ndipo waya unapopenda kukatika pia, hasa pale unapoingia kwenye kiboksi na pale mpini unapokunjwa. Ganda la nje linabaki zima, shaba ya ndani imevunjika. Dalili yake: mashine ilikuwa inazima na kuwaka kila unapogeuka kona, kisha ikanyamaza moja kwa moja. Usiupinde waya huo huku ukiwa umechomekwa kujua umekatika wapi. Chomoa, kisha pima kwa mita ya fundi ya kupimia umeme. Kama umeme ulikatika baada ya kisu kupita juu ya waya, chomoa kwanza ukutani kabla hujagusa chochote. Sehemu hiyo usiiunganishe kwa kuisokota na kuizungushia gundi ya umeme. Nyasi zenye umande na kiungo cha namna hiyo ni hatari ya mauti. Waya ukatwe, ufupishwe, ufungwe upya.

Kuna kimya kingine kisicho ugonjwa. Mota nyingi zina kinga ya joto ndani yake. Ukikata nyasi ndefu na mbichi, hasa zile za Kikuyu ambazo hapa Arusha husukana kama mkeka, mota inachemka na kinga inakata umeme. Chomoa, iache ipoe kivulini nusu saa, ujaribu tena. Ikiwaka, pandisha kimo cha kisu na ukate mara mbili: leo juu juu, kesho kutwa shusha kidogo.

Mashine zenye mota ya kaboni hunyamaza pia kaboni zikiisha. Kabla ya hapo huwa zinatoa cheche nyingi na nguvu inapungua. Kaboni fupi kuliko milimita 5 tunabadilisha, zote mbili kwa pamoja, na tunasafisha pale zinaposugulia. Baadhi ya mota hizo huendeshwa na umeme uliogeuzwa kupitia dayodi nne, vifaa vidogo vinavyopitisha umeme upande mmoja tu. Dayodi ikipasuka, mashine inakufa kimya au inakata fyuzi kila ukiichomeka.

Ikiguna bila kuzunguka

Hapa achia mkono wa kuwashia mara moja. Mota iliyokwama inavuta umeme mara kadhaa zaidi ya ule wa kawaida, na ikiendelea hivyo dakika chache inaweza kuungua kweli. Mota nyingi tulizosuka hazikuungua kwa ubovu wao wenyewe. Ziliunguzwa na mtu aliyeendelea kuvuta mkono akitumaini zitashtuka.

Chomoa plagi ukutani. Vaa glavu nene, ilaze mashine ubavu, ukizungushe kisu kwa mkono. Kisipozunguka, tatizo ni la kukwama: nyasi zimeganda chini ya kofia inayofunika kisu, au vitambaazi vya nyasi na kamba za viroba vimejifunga kwenye mhimili. Vitoe kwa kijiti. Kama ni pasafi na bado pagumu, beringi imeshika kutu. Hilo tunaliona kila mwaka baada ya mvua, na chanzo chake ni mpira wa maji. Mashine ya umeme haioshwi kwa mpira. Nyasi zikikauka zifute kwa brashi, basi.

Kisu kikizunguka kwa urahisi lakini mota inaguna tu, shuku kapasita. Mota inayotumia kapasita haiwezi kuanza kuzunguka yenyewe. Kapasita ndiyo inayoipa msukumo wa upande mmoja. Ikidhoofika, mota inatetemeka mahali pamoja. Mafundi wa mtaani hukisukuma kisu kwa fimbo mashine ikiwa na umeme, na kinashika kasi. Kweli hiyo inathibitisha kuwa kapasita imekufa, lakini fimbo ikinaswa inarushwa, na vidole viko karibu. Tusifanye hivyo.

Kapasita imeandikwa uwezo wake ubavuni, kwa mfano maikrofaradi 20 na volti 450. Tunaipima kwa mita. Ikiwa imeshuka zaidi ya sehemu moja ya kumi, tunaibadilisha kwa yenye namba ileile na volti zisizopungua. Tumeletewa mashine iliyofungwa kapasita ya feni ya darini, ya maikrofaradi 2 na nusu. Ilikuwa mpya, na mashine iliguna vilevile. Kapasita za pampu ndogo za maji zinaweza kufaa, namba zikilingana. Usiiguse kwa bisibisi wala mkono hata kama umechomoa plagi, kwani inaweza kuwa bado imehifadhi umeme. Sisi tunaumwaga kwanza kupitia balbu ya zamani ya waya.

Turudi kwenye ekstensheni

Mama yule wa Njiro alikuwa na waya wenye unene wa milimita mraba 0.75. Urefu wa mita 50 ni mita 100 za shaba, kwenda na kurudi. Kwa ampia 7, waya huo unameza volti 16 hivi mashine ikiwa tayari inazunguka. Wakati wa kuwaka, mashine inapovuta mara kadhaa zaidi, hasara inaongezeka vivyo hivyo. Mota ikibaki na volti 180 badala ya 230, nguvu yake ya kuanzia inashuka hadi kama asilimia 60 tu. Inaguna. Jioni, umeme wa mtaa ukiwa tayari umepungua, haijaribu hata kusogea.

Kwa mita 25 tumia waya wa milimita mraba 1.5, kwa mita 50 chukua 2.5. Ekstensheni ya kuviringisha ifunguliwe yote kabla ya kazi, hata kama bustani ni ndogo, kwa sababu waya ukibaki umejikunja unachemka na kuyeyuka ndani kwa ndani.

Ndugu walioko Marekani pia hutuma mashine kwenye kontena. Soma kibandiko kabla ya kuchomeka. Ikiandikwa volti 120, soketi zetu zitaiunguza. Kwa ampia 12 inahitaji transfoma kubwa, ya wati 3000 ili kuhimili kuwaka, na mara nyingi tunawaambia wateja ukweli kuwa gharama hiyo haina maana.

Mota ikiungua kweli, pua inajua kabla ya mita: harufu kali ya vanishi iliyoungua, na koili nyeusi upande mmoja. Hapo tunakuita uone mwenyewe. Mota ya mashine nzito ya hoteli au shule tunaisuka bila wasiwasi. Kwa mashine ndogo ya plastiki, tunakupa bei ya kusuka kwanza, ulinganishe na bei ya mashine nyingine, na uamuzi ni wako.

Na kama swichi ya kuvuja umeme, ile yenye kitufe cha T kwenye boksi la meni, inakata kila ukiwasha, usiiruke wala kumwomba fundi aiondoe. Unyevu umeingia mahali. Ianike mashine penye hewa siku nzima, mbali na mvua. Ikikata tena, tuletee tupime inavujia wapi.

Kupima hapa hatutozi. Kifaa kibovu tunakuonyesha, cha zamani unaondoka nacho ukitaka. Na ukija, njoo na ekstensheni yako, plagi na adapta zake zote, kama unavyozitumia nyumbani.