Shukrani kwa kaka wa bajaji, Miyomboni

Kamwene kaka! Jina lako sikulipata, ila nakushukuru kwa moyo wote. Nilikuambia natafuta kuta zenye michoro hapa Iringa, ukawa unazima injini mbele ya kila kibanda cha kinyozi na kunisubiri nipige picha. Kule Kihesa ukaniitia fundi mchoraji mwenyewe, akanionyesha anavyochora nywele kwa brashi nyembamba, mkono ameuegemeza ukutani usitetemeke. Nilifurahi mno! Kisha ukanipeleka Igeleke kwenye michoro ya kale ya mwambani, watu na wanyama kwa rangi nyekundu, nje kidogo tu ya mji (wageni wengi huipita wakikimbilia Ruaha). Hela ya ziada ukaikataa katakata. Mungu akubariki, akuzidishie abiria.