Asante, mzee wa kalamu nyekundu

Mzee uliyemwachia mlinzi wa shule yetu hapa Arua karatasi za zamani za PLE (mtihani wa mwisho wa shule ya msingi hapa Uganda) bila kutaja jina, asante sana. Kila swali la hesabu ulilifanya hatua kwa hatua kwa kalamu nyekundu, na pembeni ukaandika: "Usiruke mstari huu." Watoto wa darasa la saba wanaambiana hivyo hata uwanjani!

Mtihani una masomo manne, na alama ndogo ndiyo bora: jumla ya 4 ndiyo ya juu kabisa. Binti yangu alizoea 7 kwenye hesabu. Matokeo ya UNEB, baraza la mitihani la Uganda, yalipotoka, alikuwa na 3. Nililia kwa furaha, mzee wangu. Mungu akupe afya na umri mrefu.